Mwezi mzima nakula vya Kigoma tu: yaliyonikuta Mwanga, Mwandiga na Kibirizi

#1 Mhamiaji wa Gungu

Wakuu, habari za jioni.

Nina miezi minane hapa Kigoma. Kazi ndiyo iliyonileta, familia ikanifuata baadaye. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku, nikaingia jikoni na tochi ya simu kutafuta kiberiti, nikamulika kabati. Unga wa sembe wa mfuko, umesagwa Dar. Galoni la mafuta ya kula, nyuma wameandika ni mawese ya Malaysia, yamesafishwa hadi rangi imeisha. Nyanya ya kopo. Na kile kilichonimaliza: paketi ya dagaa wa Mwanza. Mama watoto aliinunua kabla ya safari, tukaipandisha treni zaidi ya kilometa 1,200 kuileta ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Nilicheka peke yangu gizani kama mwehu.

Kesho yake tukakubaliana: mwezi mmoja, chakula chote kitoke mkoa huu, na ikiwezekana tununue kwa aliyelima au aliyevua mwenyewe. Sukari na majani ya chai tukavisamehe. Chumvi tukapata ya Uvinza, kahawa ya Kalinzi, kwa hiyo nikaona mambo ni mepesi.

Jumamosi saa nne asubuhi nikaenda soko la Mwanga. Nikamsimamia mama mmoja, nyanya kazipanga mafungu, nikamuuliza, "Mama, nyanya hizi umelima mwenyewe?" Akanitazama kama nimemuuliza umri wake. "Baba, ningekuwa nimelima, saa hizi ningekuwa hapa nakupangia mafungu au ningekuwa shamba?" Wa pembeni wote wakaangua kicheko. Nikanunua fungu la elfu moja kwa aibu.

Lakini aliponiona sijaondoka, alinifundisha. Hizi ndogondogo ni za bonde la Luiche. Zile kubwa, ngumu, zinazolingana kama mayai ya kuku wa kisasa, zimekuja na lori, linakotoka yeye hajui, ila "zinakaa wiki nzima, watu wa hoteli wanazipenda". Vitunguu ni vya Singida. Karoti zilishuka na lori lilelile. Viazi mviringo nilipewa majibu matatu na watu watatu. Na mkulima je? Akasema mkulima alikuwepo alfajiri, akauza kwa jumla, saa moja na nusu keshapanda gari kurudi kwao. Kumbe nilikwenda kuwatafuta wakulima saa ambayo wao wako kwenye matuta.

Wiki ya pili nikaenda Mwandiga, pale njia panda ya kwenda Kasulu na ile ya Kalinzi na Manyovu. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshafika. Wakuu, kama hamjawahi kuziona zile baiskeli za ndizi zikishuka kutoka juu, nendeni mkaone. Mikungu mitatu, minne, imefungwa kwa mpira mweusi, mwenyewe hapandi, anatembea ubavuni ameegemea nyuma, na breki ni kandambili yake iliyokandamizwa kwenye tairi. Mmoja alipita karibu nikasikia harufu ya mpira ulioungua.

Nilikuwa na noti moja ya elfu kumi. Mama wa kwanza, "Mwakeye baba," shada la lengalenga (mchicha), sina chenji. Wa pili, maharage ya njano, sina chenji. Safu nzima ikaanza kunitafutia chenji, mtoto akatumwa dukani, duka halijafunguliwa. Mwisho nikanunua maharage, lengalenga, maparachichi, na mkungu mzima wa ndizi ambao sikuukusudia, ili tu noti iishe. Tulikula ndizi siku nne: na maharage, na dagaa, na mafuta matupu.

Dagaa sasa. Nilikwenda mwalo wa Kibirizi nikakuta pametulia, nyavu zimeanikwa, vijana wanacheza karata chini ya mwembe. Nikadhani kuna msiba. Kijana mmoja akanionyesha juu kwa kidevu: "Mzee, hukuona mwezi jana?"

Nawauliza wenyeji: nyie mnanunuaje? Na huyu mtu wa kati, mchuuzi, tumkwepe ili mkulima apate zaidi, au mimi ndiye sielewi?

#2 Mwisho wa Reli

Dagaa wa Mwanza Kigoma 😂😂 Mods, huyu anyang'anywe ukaazi, apandishwe treni ya kurudi. Mengine tutajadili akishafika Morogoro.

#3 Mama wa Beseni

Nimesoma yote nikasema nijibu, maana huyo aliyekuchekesha Mwanga angeweza kuwa mimi.

Mwanangu, mimi nauza nyanya, nyanya chungu na bamia miaka kumi na kitu. Naamka saa tisa usiku. Saa kumi na nusu nipo gari linaposhusha. Tenga nalichukua kwa mali kauli, maana pesa ya jana imeenda ada. Tenga silifungui, nalinunua lilivyo. Juu zimeremba, nyekundu zinang'aa. Chini nakuta zilizopasuka, na za katikati ni mbichi. Huyo mkulima mnayemhurumia ndiye kazipanga hivyo! Simlaumu, naye bei anayopangiwa anaijua. Ushuru nalipa nimeuza sijauza. Mvua ikinyesha mchana wateja hamji, jioni nauza kwa bei ya kutupa, zilizobaki napika kwangu.

Sasa niambie, mama wa Kalinzi akae Mwanga siku nzima auze mafungu ya elfu moja moja, palizi amwachie nani? Nauli kuja, nauli kurudi, akilala mjini kwa nani? Ananiuzia mimi saa kumi na mbili, saa mbili yupo kwake na chumvi na sabuni amenunua. Mimi ndiye mguu wake wa mjini.

Anayemwumiza mkulima ni yule anayemfuata shamba na magunia yake mwenyewe, analijaza mpaka mdomoni kisha analivika kilemba na kulishonea nyavu juu. Lumbesa. Mkulima kauza gunia moja, mwenzake kabeba gunia na nusu. Hapo ndipo pesa ya mkulima inapopotelea, njooni mpige kelele hapo.

Na ukitaka za hapa hapa usiniulize nimelima mwenyewe. Niulize, "Mama, za Luiche zipo?" Nyanya ya hapa ina ngozi laini, ukiiminya kidogo inaitika, mara nyingi mabegani ina ukijani na udongo hujaufuta. Hazilingani. Haifiki siku ya nne. Ile ya lori ukiiangusha inadunda. Na lengalenga nunua asubuhi, usinunue ya saa kumi iliyonyunyiziwa maji ikafufuka, ukifika nyumbani inakufa tena.

#4 Mhamiaji wa Gungu

Shikamoo mama. Nimenyooka. Lumbesa nilikuwa naisikia kwenye habari tu, sikuwahi kuihusisha na sahani yangu.

Swali moja: ukiulizwa "zimetoka wapi" kila siku na wateja, inakuudhi?

#5 Mama wa Beseni

Marahaba. Haiudhi. Inaudhi ukiuliza kisha ukanunua za lori kwa sababu zinang'aa.

#6 Kipe na Taa

Naongea kama mtu niliyelala ziwani miaka sita kabla mgongo haujakataa.

Dagaa wetu anafuata mwanga. Tunatoka jioni, taa zinawashwa mbali na pwani (zamani karabai, siku hizi betri na sola), vidudu vinakusanyika kwenye mwanga, dagaa wanafuata vidudu, migebuka wanafuata dagaa, na sisi tunainua wavu. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote ni taa, dagaa hawana sababu ya kuja kwako. Kwa hiyo tunafunga kazi siku za mbalamwezi, tunashona nyavu. Mtu wa Kigoma ananunua dagaa wabichi kwa kuangalia juu. Giza likianza bei inashuka, giza likikolea unapata ndoo, mwezi ukirudi unakula wakavu. Hiyo ndiyo kalenda, wala haijaandikwa ukutani.

Wakavu nao usinunue kwa macho tu. Kuna waliokaushwa mchangani na waliokaushwa kwenye chanja. Chukua wachache, wasugue kiganjani. Mchanga ukibaki kiganjani, utakuwa pia mezani, na hata uwaoshe mara nne meno yatakwambia. Wa chanja amekauka juu na chini kwa sababu upepo unapita, anang'aa kama fedha, akivunjwa analia "tik". Aliyelala mchangani mvua ikamkuta anakuwa wa njano njano na mafuta yananuka. Wa chanja bei yake iko juu, lakini huli mchanga na hutupi nusu. Masika dagaa wengi wanaharibika si kwa kukosa wateja, kwa kukosa jua la siku moja. Mama mwenye chanja na turubai la kufunika ndiye anayeokoa samaki, huyo mwongezee mia mbili bila kinyongo.

Kuhusu kula bila kumaliza ziwa: mwaka 2024 kwa mara ya kwanza upande wetu tulifunga uvuvi, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Nchi zote nne zenye ziwa, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana samaki wapumzike wazaliane. Sitawadanganya, miezi ile ilikuwa migumu. Mwenye boti ana akiba, baharia anayelipwa kwa mgao wa usiku hana. Wapo waliokwenda kulima vibarua, wapo waliouza simu. Ila ukiniuliza kama ilihitajika, nakwambia ndiyo, maana tulifika mahali usiku mzima unarudi na kilichojaa beseni mbili na mafuta ya injini hayajarudi.

Na wale wanaonunua kuhe wadogo wa kiganja pale pwani, acheni. Kuhe anataga kwenye maji ya pwani, baba na mama wote wawili wanalinda watoto wao. Kokoro, ule wavu wa kuburuta pwani, likipita linafagia familia nzima. Mteja akikataa wadogo, mvuta kokoro hana pa kuwapeleka.

#7 Baridi ya Manyovu

Mkuu #6, salute. Mimi nataka kugusa viazi mviringo, maana mleta mada alipewa majibu matatu.

Huku Buhigwe tunalima, tuna baridi ya kutosha. Lakini vingine vinavuka kutoka Burundi, kwenye masoko ya ujirani mwema mpakani. Sasa naomba mniambie: kiazi kilicholimwa ng'ambo ya kilima, unakiona ukiwa umesimama kwetu, kikaja Kigoma mjini umbali wa kilometa 60 na kidogo, na kiazi cha Njombe kilichozunguka nusu ya nchi kwenye lori, kipi ni "cha hapa"? Bibi yangu ana mashemeji pande zote mbili, kwake hilo swali halina maana. Muhogo wetu mkavu nao unakwenda kwao.

Sheria ya "mkoa wa Kigoma tu" ni mstari wa ramani, mkuu. Tumbo halijui mkoa.

#8 Hesabu Kwanza

Nimewasikiliza, sasa niharibu sherehe.

Mleta mada una Jumamosi ya mapumziko, una friji, una noti nzima ya elfu kumi ya kuchezea. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku saa moja na nusu hawezi kuwa Mwandiga saa kumi na mbili. Bodaboda wa kukupeleka na kukurudisha anameza chote ulichookoa kwenye nyanya.

Halafu hili la mazingira. Lori limebeba tani kumi za vitunguu, mafuta yake ukiyagawa kwa kila kilo ni kidogo. Wewe umewasha pikipiki nzima kufuata kilo tano za mboga. Nani kachafua hewa zaidi kwa kilo? Fanyeni hesabu kabla hamjajisifu.

#9 Mhamiaji wa Gungu

#8 umenishika pabaya. Wiki ya kwanza na ya pili nilikwenda na boda, ni kweli, na hesabu ilikataa. Wiki ya tatu tukawa kaya nne hapa mtaani, kila wiki anakwenda mmoja kwa daladala na orodha ya wote. Nauli ikagawanyika, na mwenye zamu ya usiku (tunaye, ni muuguzi kweli!) anakwenda mara moja kwa mwezi, siku anayopumzika. Imekuwa na vurugu zake. Jirani mmoja alileta nyanya chungu kwa kila mtu, wala hakuna aliyeagiza.

#7, kuanzia leo ule mstari wa mkoa nimeufuta. Viazi vya ng'ambo ya kilima nitakula.

#10 Mla Sombe

Nyote mmezunguka, hakuna aliyegusa mawese! Mkoa wa michikichi, mnaongelea nyanya.

Nimekulia Ujiji, nyumba yetu ilikuwa na pipa la kuchemshia. Ngazi (vichane vya chikichi) zinashushwa, zinaachwa siku chache zilegee, chikichi zinapukutishwa, zinachemshwa kwenye pipa mpaka nyama inaachia kokwa. Kisha mashine ya kuzungushwa, watu wawili wanaizunguka kama ng'ombe wa kukamua alizeti. Kinachotoka kinachemshwa tena na maji, mafuta yanapanda, mama anayaengua kwa kopo taratibu, asichote matope ya chini. Makapi yanarudi motoni kuwa kuni, kokwa zinapasuliwa kupata mise za mafuta ya sabuni. Sisi tulipokuwa wadogo kazi yetu ilikuwa kunyonya nyuzi zikiwa bado za moto. Midomo ya machungwa mpaka shuleni.

Mchikichi wa huku haukati msitu, umesimama katikati ya muhogo na maharage ya mtu mmoja mwenye ekari mbili. Shida yake ni uzee. Michikichi mingi ni ile ya babu, dura, kokwa nene nyama nyembamba. Tangu Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipokuja 2018 kulisukuma zao hili, kituo cha utafiti cha Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu ya tenera, ambayo kokwa yake ni nyembamba na nyama ni nyingi. Lakini mchikichi haufanani na mchicha, unangoja miaka. Kwa sasa nchi bado inaagiza mafuta nje wakati mama wa Simbo anabembeleza wateja wa chupa ya nusu lita.

Kununua: mawese mazuri yakitulia yanagawanyika, chini yanaganda punjepunje kama uji mzito, juu ni mekundu ya kupenya mwanga. Nusa. Yakinusa kama sabuni, ngazi zilikaa mpaka zikaoza. Yakipiga kelele kwenye sufuria, yana maji.

Na sombe: kisamvu kitwangwe kwenye kinu, si cha kukatakata kwa kisu, kichemke muda mrefu sufuria wazi, sumu ya muhogo itoke na mvuke. Mawese mwisho, na dagaa wa chanja. Ugali wa muhogo. Basi. Ukimaliza usinipigie simu, nitakuwa nimelala.

#11 Hesabu Kwanza

Na moyo je? Madaktari wanasema mawese yana mafuta yanayoganda.

#12 Mla Sombe

Yana kweli, karibu nusu yake. Kwa hiyo weka vijiko, usimimine kikombe. Ila yale meupe ya galoni ni mawese hayohayo, yamevuliwa wekundu tu, na wekundu ule ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A. Hapo umeokoa moyo gani?

#13 Mnyamwezi wa Stesheni

Habari kutoka Tabora. Nimefuata harufu ya mawese mpaka huku.

Kwetu hakuna ziwa, kuna msitu na jua, kwa hiyo ulaji wa msimu kwetu ni kukausha. Viazi vitamu vikivunwa, vinakatwa vibichi vinaanikwa, hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe vianikwe, hayo ni matobolwa. Watu wanachanganya. Matobolwa unatafuna hivyohivyo na chai au karanga, mtoto anaweka mfukoni anakwenda shule. Ghala letu ni hilo, halina umeme.

Mvua za kwanza zikianguka kina mama wanakaa barabarani na uyoga wa porini. Uyoga huo nunua kwa mama unayemfahamu, usinunue kwa mtoto aliyeokota mwenyewe. Sitasema zaidi.

Asali ndiyo nataka kuisemea, maana kila mtu anaagiza "asali ya Tabora" kana kwamba asali yote ni moja. Ukifika stesheni unauziwa kwenye chupa zilizokuwa za pombe kali, treni inataka kuondoka, unarusha pesa dirishani. Mimi nimefanya hivyo, nikafika nyumbani nikakuta robo ni maji ya sukari. Vipimo vya mtandaoni, kiberiti sijui karatasi, visikudanganye. Mtafute mrina asali mmoja, mfahamu, nunua kwake kila msimu. Na muulize mizinga yake ni ya nini. Mzinga wa gome unatengenezwa kwa kuuvua muyombo ganda lake mzimamzima, na mti uliovuliwa hivyo unakufa. Mzinga wa mbao unadumu miaka na mti unabaki na maua yake, ambayo ndiyo asali yako ya mwakani. Kwa hiyo kuna asali ya Tabora inayolinda msitu na kuna inayoula, na zote ni tamu sawasawa. Ulimi hautakwambia.

Tumbaku sina hamu nayo. Mkulima anakata miti kukausha tumbaku kwenye mabani, pesa akichelewa kulipwa ananunua mahindi dukani kama mtu wa mjini. Hilo ni la uzi mwingine.

#14 Mwisho wa Reli

Huu uzi ulianza na paketi ya dagaa sasa umekuwa shahada. Naomba matobolwa kilo mbili yaje na treni, nitayapokea mimi mwenyewe mwisho wa reli.

#15 Mhamiaji wa Gungu

Wakuu, mwezi umeisha juzi. Naleta mrejesho, hata ule wa aibu.

Mawese: kabla sijasoma #10 nilikuwa nimenunua dumu la lita tano kwa jamaa aliyekuwa anapita nyumba kwa nyumba, bei nzuri kuliko kote. Siku ya kwanza nimeyaweka motoni yakaanza kuruka kama bisi, mama watoto akakimbia na mfuniko kama ngao. Yalikuwa na maji kibao. Ukuta wa jiko mpaka leo una madoa ya machungwa, na mwenye nyumba ameshauliza. Sasa tunachukua kwa mama mmoja Simbo, anatuchemshia tukiwa tunaona.

Ugali wa muhogo: wiki ya kwanza watoto waliukataa, wanasema unavutika. Wiki ya tatu mdogo aliulizia. Mkubwa bado anashikilia msimamo, nimemrudishia sembe mara mbili kwa wiki. Nimechoka kubishana na mtoto wa miaka tisa.

Vitunguu nilishindwa. Nimekula vya Singida mwezi mzima na sijutii.

Hesabu: mboga, ndizi, maharage na dagaa vimeshuka bei kwetu, kwa sababu tunanunua vingi wakati wake. Mawese mazuri na dagaa wa chanja vimepanda. Jumla imekaribiana na zamani. Nilichopunguza kabisa ni kutupa. Mfuko wa taka ulikuwa unajaa kila siku ya pili, vikopo na maganda ya plastiki. Sasa ni maganda ya ndizi, na jirani mwenye mbuzi ananipigia hodi kuyafuata.

Kitu kingine, hiki sikukitarajia. Zamani ukiniuliza leo mwezi uko wapi ningefungua simu. Jana usiku nilitoka nje kufunga geti, nikatazama juu, nikajikuta nasema peke yangu, "Bado siku tatu giza lianze." Mama watoto akauliza dirishani naongea na nani.

Kipe na Taa, giza likianza utakuwa Kibirizi? Nataka kununua wabichi kwa mtu anayenijua, tukaanike wenyewe kwenye chanja. Nimeshapata wavu, mbao ninazo.

#16 Kipe na Taa

Nipo. Njoo saa kumi na mbili, boti zinaingia. Chanja iweke urefu wa kiuno, kuku wasifike. Ukiweka chini utalisha mtaa mzima.

#17 Hesabu Kwanza

Na mimi niwekeeni jina kwenye ile zamu ya Mwandiga. Niko Gungu pia. Msinicheke.

#18 Mama wa Beseni

Hakuna anayekucheka. Njoo na chenji.